Zana za Kuwindia Mizuka: Ninavyozitengeneza kwa Makorokoro ya Soko la Gerezani

Kwanza tukubaliane jina. Mimi nasema mzuka, sisemi mzimu. Mzimu una wenyewe: ni babu na bibi za watu, hutambikiwa na kuombwa radhi. Ukiandika kwenye skripti kwamba kijana kaingia na mashine kukamata mzimu, shangazi yako wa Kisarawe atakuuliza unataka kumfungia nani kwenye boksi. Mzuka hauna ukoo. Unazuka, unatisha, unafukuzwa. Huo ndio wa kuwindwa kwa betri.

Pili, mimi mwenyewe sijawahi kuwinda chochote zaidi ya kunguni. Natengeneza vifaa vya filamu fupi na tamthilia za kwenye simu, hapa Magomeni, Dar es Salaam, kwenye kibaraza kile kile ambacho baba yangu alitengenezea redio za watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo sikufundishi kukamata mzuka. Nakuelekeza namna ya kutengeneza kifaa ambacho mtu aliyesimama kwenye daladala, mkono mmoja kashika bomba, mwingine kashika simu yenye ufa, atakiona kwa sekunde nne na kukiamini.

Anza na kitu kilichowahi kuwa kitu kingine

Vijana wengi wakija kwangu wanakuja na mchoro. Kifaa kinamulika kila upande kama pikipiki ya bwana harusi. Nawaambia wakunje karatasi, twende Gerezani kwanza. Kifaa cha kuwindia mizuka kinaaminika kikiwa kimeshawahi kufanya kazi nyingine kabla ya kuja kwako. Hata wenzetu wenye pesa walifanya hivyo. Kile kipimo cha mkononi chenye mabawa mawili kwenye filamu ya Marekani ya Ghostbusters, ya mwaka 1984, kilijengwa juu ya mashine ya umeme ya kung'arishia viatu, Iona SP-1. Mizigo yao ya mgongoni ilifungwa kwenye fremu za mabegi ya kijeshi, na miwani yao ilitokana na miwani ya jeshi ya kuonea gizani. Mtazamaji haijui hiyo mashine ya viatu, lakini jicho lake linatambua kwamba mpini ule ulitengenezwa kwa ajili ya kiganja cha mtu.

Halafu kila zama huchukua chombo ambacho watu wake wanakiona au wanakistaajabia. Mwaka 1910 mwandishi Mwingereza William Hope Hodgson alimpa mpelelezi wake Carnacki nyota ya pembe tano ya mirija ya kioo inayowaka kwa betri, akaiweka ndani ya duara la chaki la kizamani. Umeme wakati huo ulikuwa mgeni kwenye nyumba nyingi, basi ukatumwa kupambana na mgeni mwenzake. Mwaka 2001 Nintendo wakampa Luigi mashine ya kuvuta vumbi, akawa anaivutia mizuka kwenye jumba bovu. Naipenda akili hiyo. Ila uilete Manzese: nani ana mashine ya kuvuta vumbi? Sisi tuna fagio la chelewa.

Pampu ya kupulizia dawa ya kunguni, hiyo kila mtu anaijua. Na yule kaka anayepita mitaani nayo mgongoni, kila mtu anamjua. Ndiyo maana mwinda mizuka wangu ni mpuliza dawa. Aliitwa Tandika kupuliza vyumba viwili, akakuta na chumba cha tatu ambacho mwenye nyumba anaapa hakijawahi kujengwa. Kazi yake ilipojulikana, vifaa vyake vikajileta vyenyewe. Kwa hiyo kabla hujagusa msumeno, jibu hili: mwinda mizuka wako anakula kwa kazi gani?

Sokoni

Nenda asubuhi, kabla jua halijapasha mabati na wenye mali hawajaanza kugombana na wateja. Skrepa inauzwa kwa kilo, lakini ukionyesha furaha bei inapanda, kwa hiyo nuna kidogo.

Kijana wa mizani ananijua sasa.

"Shikamoo mama. Leo tunatafuta nini?"

"Marahaba. Natafuta kitu ambacho ukikiona hujui ni cha nini."

"Hivyo ndivyo vilivyojaa," akasema, akanimwagia gunia miguuni.

Humo nilipata draya ya nywele ya saluni iliyoungua, redio kaseti isiyo na mlango, printa mbili, na feni ya mezani iliyovunjika shingo. Printa iliyokufa usiiache kamwe. Ndani yake mna vyuma viwili vilivyonyooka na kung'aa kama vya hospitali, mkanda wenye meno, na gia ndogo za kutosha mwaka mzima. Kwa vitu vya kushikwa, fumba macho na ukishike. Kidole gumba kikitua chenyewe mahali fulani, hapo ndipo utaweka swichi.

Viko viwili ambavyo sinunui hata nikipewa bure. Cha kwanza ni TV ya chogo. Kile kioo kinaweza kutunza maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Baba, fundi wa miaka yote hiyo, aliwahi kurushwa mpaka mlangoni na TV iliyokuwa haijachomekwa tangu jana yake. Chai yake tulikuja kuifuta dirishani. Cha pili ni maikrowevu. Kapasita yake inafika volti 2,000 na zaidi, na haikupi onyo. Wanaokuambia eti transfoma yake ni nzuri kwa kutoa cheche za filamu, waache wakazitoe wao. Cheche tunaongeza kwenye kompyuta. Vifaa vyangu vyote ni vya betri ndogo, na hakuna hata kimoja chenye plagi ya ukutani.

Kipimo cha mkononi

Hiki ndicho kinachoonekana sana kwenye kamera, kwa sababu kinashikwa karibu na uso wa mwigizaji. Kipe muda wako mwingi.

Ichukue ile draya ya nywele. Fungua skrubu, toa mota na ule utambi wa kupashia moto. Utabaki na ganda lenye mpini, mdomo na tundu la nyuma. Kwenye tundu la nyuma, linalomtazama mshikaji, ndipo pa kuweka mshale. Mshale mzuri unatoka kwenye redio kaseti za zamani, zile zenye kidirisha kinachocheza kufuata sauti. Ung'oe pamoja na nyaya zake, usivute kwa hasira, maana ule uzi wa shaba ndani ni mwembamba kuliko unywele.

Mshale huo unahitaji mkondo kidogo mno. Ukiuunganisha na betri moja kwa moja utaupiga ukutani na hautarudi. Chukua betri moja ya volti 1.5, iunganishe na resista ya kiloomu 47, kisha pitia kwenye kile kidude cha kuongezea sauti cha redio ile ile. Ukizungusha na mshale haunyanyuki, shusha resista: kiloomu 22, halafu 10, halafu 4.7. Simama pale unapozungusha mpaka mwisho na mshale ukafika mwisho pamoja na wewe. Kirungu cha kuzungushia kiweke chini ya mpini, kidole kidogo kikifikie. Sasa mwigizaji anaupandisha mzuka mwenyewe, polepole au kwa kushtua, kufuatana na anavyopumua. Hakuna kompyuta itakayokupa hilo.

Taa ni tatu tu: kijani, njano, nyekundu. Swichi yake nimeitoa kwenye ile feni ya mezani, ya vitufe, ambapo ukibonyeza kimoja kingine kinaruka. Inatoa mlio wa "kwa!" ambao mhariri wangu wa sauti hajawahi kuubadilisha. Kila taa ya ledi ipewe resista yake. Hesabu ni hii: ledi nyekundu inakula kama volti 2. Betri ya volti 9 ukitoa 2 zinabaki 7. Ukitaka mkondo wa miliampia 15, gawa 7 kwa 0.015, unapata kama 467. Dukani omba ya omu 470. Bila resista ledi itawaka vizuri sana, mara moja.

Mabawa. Antena mbili za redio, zile za kuvuta, zifunge pembeni kwa bawaba ndogo za kabati. Mpira wa kufungia pesa unazivuta kulala. Mshipi wa nailoni unazivuta kusimama. Mshipi huo nanunua kwa wauza vifaa vya uvuvi, ule mwembamba ambao samaki mwenyewe hauoni. Upitishe ndani ya ganda, utokee kwenye mpini, mwishoni fungia pete. Kidole cha kati kikivuta pete, mabawa yanainuka. Mara ya kwanza tulitumia uzi wa cherehani mweusi. Kwenye kioo cha kamera haukuonekana. Kwenye televisheni ya mjomba, siku ya kuonyeshana, ukaonekana kama kamba ya kuanikia nguo, na watoto wa mjomba wakacheka pale tulipotaka walie.

Ganda likikamilika, lipe kasoro. Hapa wengi hawanielewi. Kipimo kinachomwona mzuka kila mara kinaua hadithi ndani ya dakika tano, kwa sababu tukishakitazama hatuna haja ya kumtazama mtu. Wale wawinda mizuka wanaotembea usiku na vipimo vya sumaku huko ughaibuni wana kasoro hiyo tayari: vyombo vyao vinanyanyuka vikipita karibu na friji, nyaya za ukutani, hata simu ya mwenye chombo. Basi na sisi tukaandika hivyo. Kipimo kinapanda, mpuliza dawa anatetemeka, kumbe ni friji ya soda ya mama mwenye nyumba. Kinapanda tena, ni friji tena. Mara ya tatu kinapanda, anacheka, anageuka kuitazama friji, na umeme wa mtaa mzima ulishakatika dakika kumi zilizopita.

Bastola ya joto sina maneno mengi juu yake. Ile iliyotupima vipaji vya nyuso milangoni mwaka 2020, nunua, bandika karatasi juu ya jina, imekwisha. Ila ujue inavyofanya kazi: inasoma joto la uso wa kitu inachoelekezewa, haisomi hewa. Mwigizaji akiielekeza katikati ya chumba na kusema "hapa pana baridi", amepima ukuta wa mbele yake. Aielekeze kwenye kiti, au kitandani. Kiti cha baridi kwenye chumba cha joto la Dar mwezi wa Februari kinatisha zaidi kuliko hewa.

Redio ya baba

Wawinda mizuka wa kisasa wana redio inayopita kwenye masafa haraka haraka bila kusimama, wakisubiri maneno yatoke kwenye mikwaruzo. Mmarekani Frank Sumption alitengeneza yake mwaka 2002, wengine wakafuata. Kwa mtoto wa fundi redio hiki ndicho kifaa kitamu kuliko vyote.

Nilichukua redio ya mbao iliyobaki kwenye kabati la baba, haina mwenyewe. Nikaigeuza, nikafungua mgongo wa karatasi ngumu. Ndani mlikuwa na vumbi la rangi ya majani ya chai, maganda ya mayai ya mende, na ule uzi unaozunguka gurudumu la kutafutia stesheni, umeshikwa na springi ndogo iliyolegea. Upande wa ndani wa ule mgongo baba aliandika kwa penseli: "kapasita mpya, anadaiwa 200." Hakuandika nani. Mia mbili yenyewe sasa hivi haikufikishi mbali. Nilikaa na ule mgongo mapajani muda mrefu kidogo, halafu nikaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Kata uzi, weka mpya, lakini usirudishe mkono wa kutafutia stesheni. Badala yake funga mota ndogo ya kaseti iuzungushe, ili sindano iende na kurudi kwenye kioo yenyewe. Taa ya kioo badilisha, weka ledi ya njano nyuma ya karatasi ya mafuta, ile ya kuokea keki. Sindano inayotembea peke yake kwenye mwanga wa njano, chumba kikiwa kimya, haihitaji muziki wa kutisha.

Sauti usirekodi kutoka hewani. Kwanza hapa kwetu FM imejaa mpaka pomoni. Tulijaribu siku moja tukapata "mpenzi msikilizaji", "punguzo", "aleluya", "kona!", na dawa ya nguvu za kiume. Mzuka gani huo? Pili, nyimbo na matangazo yana wenyewe, na tamthilia yako itashushwa. Sisi tulimwomba jirani, mama mtu mzima mwenye sauti ya kukauka, atusomee orodha ya vitu vya dukani: sukari, kiberiti, mafuta ya taa, chumvi. Akasoma mara tatu: kawaida, kwa kunong'ona, na kama anayemwita mtoto aliye mbali. Tukakata vipande vya nusu sekunde, katikati tukaweka mikwaruzo. Ukisikia "chumvi" inanong'onwa saa nane ya usiku kutoka kwenye redio isiyochomekwa, utamkumbuka bibi yako na mambo yake ya chumvi mlangoni. Yule mama hakulipwa pesa, alitaka kilo ya sukari aliyoisoma. Akapewa.

Mzigo wa mgongoni

Pampu ya mgongoni ya lita 16 ndiyo mwili wa kifaa. Nunua mpya. Najua ya zamani ni bei rahisi na imechakaa vizuri, lakini dawa za wadudu hujificha kwenye plastiki na mipira yake, nyingine hupenya ngozi, na mwigizaji wako atakaa nayo mgongoni saa sita akitoka jasho. Kuchakaa tutakutengeneza wenyewe.

Usijaze maji. Lita 16 ni kilo 16, na ukishaongeza mabomba mtu hatakimbia, atatambaa. Pampu tupu pamoja na makorokoro yake isizidi kilo tano. Lakini mzigo mwepesi unaonekana mwepesi: mtu anageuka upesi mno, mabega hayashuki. Dawa yake niliipata kwa bahati. Siku ya mazoezi mweke maji lita nane ndani, afanye mazoezi yote hivyo. Siku ya kupiga picha mwaga. Mgongo wake utakuwa bado unakumbuka.

Juu ya pampu funga mabomba ya plastiki ya inchi moja na elbo zake, usiyapange sawasawa. Bomba moja litoke mahali na lirudi mahali, mtazamaji aweze kulifuata kwa jicho. Bomba lisiloelekea popote linakutia aibu. Mpira wa gesi wa rangi ya chungwa unafaa sana, kila nyumba inaujua na kila nyumba inauogopa kidogo. Nyuma, chini, toboa duara na uweke feni ya kompyuta ya volti 12 na ledi nyekundu mbili ndani yake, halafu wavu wa chujio la nazi juu. Ikizunguka, mwanga unakatika katika. Feni hiyo nayo inampoza mgongo, na mwigizaji aliyepozwa hakuulizi tunamaliza saa ngapi.

Rangi ni kazi ya siku mbili. Piga msasa kwanza, plastiki isiyosuguliwa inaubambua weusi wote kama ngozi ya nyoka. Rangi nyeusi ya kupuliza, mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukauke. Msimu wa masika usipulize nje, unyevu utaifanya iwe na ukungu mweupe. Kisha chovya brashi kwenye rangi ya fedha, ifute kwenye gazeti mpaka idhani imekwisha, ndipo upitishe kwenye kingo tu: pale ambapo mkono hushika, bega husugua, mlango wa daladala hugonga. Usipake fedha katikati ya tumbo la pampu. Nani alilisugua hapo? Skrubu za chuma ziache kwa jamaa anayekaa karibu na bahari, Kunduchi au Kigamboni, kwenye kopo la maji ya chumvi juu ya paa. Wiki mbili chumvi itafanya kutu ambayo brashi haiwezi kuiga.

Maandishi yawe ya Kiswahili. Nimeona vifaa vya Kibongo vimeandikwa maonyo ya Kizungu utadhani vimetoka Chicago. Mpuliza dawa wa Tandika ataandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito: "USIELEKEZE USONI", "KAZA HAPA", "HII INAVUJA". Hiyo ya tatu ndiyo inayopendwa na kila mtu.

Na mipaka yake? Ule mzigo wa wawindaji wa 1984 ulitisha kwa sababu ya sharti moja: mikondo ya moto isipishane. Yetu sharti lake liko kwenye mpini wenyewe. Pampu ya mkono lazima ipigwe pampu. Ukiacha kupiga, presha inashuka na kinachotoka ni matone. Kwa hiyo mtu wetu hawezi kupuliza, kukimbia na kushika tochi kwa pamoja. Ana mikono miwili kama sisi. Kila aliyewahi kupulizia mikorosho au kunguni anaujua uchovu ule wa mkono wa kushoto, na atapiga pampu pamoja naye akiwa amekaa kwenye kochi.

Kwa matukio ya kuanguka na kugongana, tengeneza pampu ya pili ya uongo. Kandambili za zamani, kata nyayo zake, gundisha moja juu ya nyingine, chonga kwa kisu kikali, paka rangi ile ile. Hiyo haimuumizi mtu.

Mtego

Sanduku la zana la plastiki, milango miwili ya bawaba juu yake, pedeli tupu ya cherehani cha umeme iliyounganishwa kwa waya mrefu ambao haufanyi kitu. Mtu wa pembeni anavuta mshipi, milango inafunguka. Mwanga mweupe utoke chini. Moshi ni wa ubani, chetezo kidogo nyuma ya sanduku, si ndani yake, plastiki itayeyuka, na dirisha liwe wazi. Ubani una moshi mzito unaotambaa vizuri. Ubaya wake ni harufu: nyumba nzima itajua kuna jambo, na wageni wataanza kuingia na pole.

Kitu kimoja zaidi hapo. Vifaa vyangu siviandiki aya, siviwekei msalaba, wala sivifungi hirizi ya kweli iliyotoka kwa mtu. Si kwamba naogopa. Ni vitu vya watu vya kusalia na kujiganga, na filamu yetu ni ya kuchekesha nusu.

Kuvibeba mjini

Hapa nilikosea, kwa hiyo sikiliza. Tulikuwa tunatoka kupiga picha Upanga, jioni, msaidizi wangu kaupakata mtego kituoni, milango wazi, nyaya nje, ledi moja imesahaulika inawaka na kuzima. Mlinzi wa jengo la jirani akaona. Kwanza alisimama mbali, halafu akapiga filimbi, halafu kituo kizima kikabaki ni sisi wawili. Sikumlaumu. Jiji hili lilishalipuliwa, tarehe 7 Agosti 1998, kwenye ubalozi wa Marekani, watu 11 wakafa, na wapo waliosikia kishindo chake ambao bado wanasimama na kusubiri daladala vituo hivyo hivyo. Nilifungua vifaa kimoja kimoja pale chini, kama mchuuzi, mpaka kipimo chenye mabawa. Akakishika, kidole gumba kikatua kwenye swichi ya feni. Kwa! Taa ya njano.

"Hii inapima nini, mama?"

Nilipomwambia aliirudisha upesi, akaniuliza kwa nini sikusema mapema.

Siku hizi nyaya hazitoki nje ya begi. Kila kifaa kina karatasi chini yake: "KIFAA CHA KUIGIZIA", na namba ya simu. Kabla ya kupiga picha usiku naenda kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa na barua, mchana, na nimevaa vizuri. Namwonyesha mjumbe vifaa vyenyewe, avishike. Usipofanya hivyo, saa saba za usiku mtu mwenye masizi usoni na mashine mgongoni uchochoroni ataitwa mwizi au mwanga, na jina lolote kati ya hayo likishatamkwa kwa sauti hutapata nafasi ya kueleza habari za tamthilia.

Betri toa usiku ule ule, hata kama mmechoka. Za bei rahisi zinavuja, na kwa unyevu wa hapa maji yake yanakula shaba ndani ya mwezi. Nimeshapoteza swichi mbili za feni kwa uvivu wa dakika moja. Zilizotumika zifunge kwa mpira, andika "nusu". Mpya ziache kwenye pakiti. Antena zirudishe ndani kwa kuzishika karibu na shina, sio kwa kusukuma ncha, zinapinda. Ule mpira wa kufungia pesa badilisha kila baada ya wiki, maana joto la Dar linaukausha, na ukikatika katikati ya tukio bawa moja litasimama na jingine litalala, na mtatafuta maana yake kwenye skripti nzima.